Mchezo Salama: Kuandaa Mwongozo wa Kuzuia Majeraha Viwanjani

Ilikuwa fainali ya kombe la vijana katika mojawapo ya parokia tunazofanya nazo kazi. Jezi zilikuwa mpya, mipira mipya, na watu walikuwa wamejaa pande zote za uwanja. Dakika chache kabla ya mapumziko, beki wa miaka 15 aliruka kupiga mpira wa kichwa akagongana na mwenzake. Alianguka, akalala bila kusogea kwa muda mfupi. Vijana wakammwagia maji kichwani, akaamka, akarudi kucheza. Watazamaji wakampigia makofi.

Jioni alianza kutapika na kuongea maneno yasiyoeleweka. Alipelekwa zahanati kwa bodaboda, na usiku huohuo akahamishiwa hospitali. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa aliumwa kichwa kila alipojaribu kusoma, na muhula mzima wa shule ulimpita.

Tulipokwenda kumjulia hali, mama yake alituuliza swali moja: "Ninyi viongozi mlikuwa mmekaa kwenye viti mnaangalia. Kazi ya kumtoa mwanangu uwanjani ilikuwa ya nani?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwa tumempa mtu yeyote kazi hiyo. Na katika taarifa yetu kwa wafadhili ya robo mwaka ile, tuliandika idadi ya jezi na mipira. Habari za yule kijana hatukuziandika.

Makala hii imetokana na swali la mama huyo. Tunaeleza tulivyojifunza kuandaa mwongozo mfupi wa kuzuia majeraha ya michezo, unaosomeka kwenye simu na kwenye karatasi, ili kamati nyingine za parokia ziweze kufanya hivyo bila kurudia makosa yetu.

Kwa nini jambo hili lituhusu?

Michezo ni sehemu ya kazi yetu na vijana. Inawakutanisha watoto wa vijiji na madhehebu mbalimbali, inawajengea afya, na inawaweka mbali na mambo yanayoharibu maisha. Hatusemi michezo ipunguzwe. Tunachosema ni kwamba anayewaita watoto uwanjani anabeba wajibu wa usalama wao.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kwenye paa lake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hangojei mtu aanguke kwanza. Wahenga nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mguu uliovunjika unaweza kumgharimu mkulima mdogo mbuzi wake, na kumgharimu mwanafunzi mtihani wake.

Tujifunze kutoka kwa wengine

Watu wengi hufikiri kwamba majeraha ya michezo ni bahati mbaya tu. Utafiti umeonyesha kwamba mengi yanazuilika.

Norwei: Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili kwa wasichana wanaocheza mpira wa miguu. Katika jaribio la kwanza, timu zilipewa mazoezi ya kuzuia majeraha yaliyoitwa "The 11". Majeraha hayakupungua. Sababu kubwa iliyotajwa ni kwamba timu nyingi hazikuyafanya mara kwa mara. Mazoezi hayo yakaboreshwa, yakaongezwa aina mbalimbali na mengine ya kufanya wawili wawili, yakaitwa "11+". Jaribio la pili lilihusu wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Safari hii majeraha yote kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa kwa karibu nusu.

Nigeria: Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la "11+" jijini Lagos, kwa vijana wa kiume 416 wa miaka 14 hadi 19 katika timu 20. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Nchini Rwanda pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu timu za daraja la pili ulionyesha kwamba majeraha yalipungua. Kwa hiyo jambo hili si la nchi tajiri peke yake. Mazoezi haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mpira, uwanja na mwalimu anayeyajua.

Nyuzilandi: Tangu mwaka 2001, makocha na waamuzi wa raga wamekuwa wakipewa mafunzo ya usalama ya lazima. Kati ya 2001 na 2005, kulitokea jeraha 1 la kudumu la uti wa mgongo lililotokana na wachezaji kusukumana kwa mabega, ambapo makadirio ya awali yalikuwa 9. Mwaka 2009 Afrika Kusini ilianzisha mpango wake wa namna hiyo.

Kanada: Mwezi Mei 2013, Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 wa jiji la Ottawa, alifariki baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache akicheza raga. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba alikuwa ameshatafuta kwenye intaneti habari za mtikisiko wa ubongo. Alihisi kwamba hali yake si nzuri, lakini watu wazima waliomzunguka hawakujua. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake. Sheria hiyo inawataka wachezaji, wazazi na makocha kupitia kila mwaka maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo, na maelezo hayo yamewekwa kwenye intaneti kulingana na umri.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, maelezo mazuri yasiyotumika hayamlindi mtu. Pili, maelezo yanapaswa kumfikia mtu mzima mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto uwanjani, si mtoto peke yake.

Hatua nne za kuandaa mwongozo

Tulifuata utaratibu wa hatua nne uliopendekezwa mwaka 1992 na mtafiti Willem van Mechelen na wenzake wa Uholanzi. Hatua hizo ni: kujua ukubwa wa tatizo, kujua chanzo, kuweka kinga, kisha kupima tena.

Hatua ya 1: Jueni kinachotokea

Kabla ya kuandika chochote, anzeni daftari la majeraha. Tulikubaliana kwamba jeraha ni tukio lolote linalomfanya mchezaji akose zoezi au mchezo unaofuata. Maana hii ni rahisi, na kila kocha anaielewa kwa namna moja. Andikeni:
- tarehe, na kama ilikuwa mazoezini au kwenye mechi
- umri na jinsia ya mchezaji
- mchezo wenyewe: mpira wa miguu, netiboli, rede, kuruka kamba, kuogelea
- sehemu ya mwili iliyoumia
- ilivyotokea, kwa sentensi moja
- siku alizokaa bila kucheza.

Msiwasahau wasichana wala michezo isiyo na kocha. Mwanzoni tuliandika ligi ya wavulana tu, mpaka mama mmoja wa kamati alipotukumbusha kwamba mabinti wanaocheza netiboli kwenye uwanja wenye changarawe nao wanateguka vifundo vya miguu.

Daftari hili litunzwe na mtu mmoja mwaminifu. Majina ya watoto yasipelekwe kwa wafadhili, wala picha ya mtoto aliyeumia isitumwe kwenye kundi la simu.

Hatua ya 2: Tafuteni chanzo

Kwa kila jeraha ulizeni: ni nini kingeweza kubadilishwa? Tulipouliza hivyo, mambo mengi hayakuwa "bahati mbaya" tena. Kulikuwa na shimo karibu na goli ambalo kila mtu alilijua. Kulikuwa na mechi zilizopangwa saa saba mchana kwa sababu mgeni rasmi alitaka kuondoka mapema. Kulikuwa na watoto wa miaka 11 waliochezeshwa na vijana wa miaka 16. Kulikuwa na timu zilizoshuka kwenye gari baada ya safari ndefu na kuanza kucheza bila kupasha misuli moto.

Tembeeni uwanjani pamoja: kocha, mzazi, kiongozi wa vijana na muuguzi wa zahanati. Kila mmoja ataona jambo ambalo wenzake hawakuliona.

Hatua ya 3: Andaeni ujumbe na njia ya kuufikisha

Hapa ndipo tulipokosea zaidi. Kwanza tuliandaa kitabu kirefu, tukakituma kwa barua pepe kwa makatekista na viongozi wa vijana. Baada ya miezi miwili tuliuliza nani amekisoma. Wengi hawakuwa wamekifungua. Wengine walituambia kwa heshima kwamba kingemaliza bando lao lote.

Ndipo tukakaa na makocha tukawauliza wana simu gani, wanaitumia saa ngapi, na wanauliza nini mtu anapoumia. Kutokana na majibu yao tulibadilisha kazi yetu hivi:
- Somo moja, jambo moja. Kila somo ni picha moja na sauti iliyorekodiwa isiyozidi dakika moja. Linatumwa kwenye kundi la WhatsApp la makocha siku ya mazoezi, kabla hawajaenda uwanjani.
- Simu ndogo zisisahaulike. Mwenye simu ya kitochi hupata ujumbe mfupi wa maneno wenye jambo lilelile.
- Karatasi ukutani. Masomo yote huchapishwa kwa maandishi makubwa na kubandikwa ofisi ya parokia, shuleni na kwenye chumba cha vifaa. Simu huishiwa chaji, karatasi haiishiwi.
- Lugha ya watu. Tuliandika "kuteguka" na "kuchanika msuli", si majina ya kitabibu.
- Kusomwa na mtaalamu. Hakuna somo lililotumwa kabla tabibu hajalisoma na kulisahihisha.
- Ruhusa. Mkitumia michoro au maandishi ya wengine, ombeni ruhusa ya kutafsiri na kunakili.
- Tarehe. Kila somo lina tarehe na jina la ofisi inayohusika, na hupitiwa upya kila mwaka, kwa sababu ushauri wa tiba hubadilika.

Jaribuni kila somo kwa watu wachache kwanza. Mchoro wetu wa kifundo cha mguu ulionyesha barafu. Kocha mmoja alituuliza barafu hiyo ataipata wapi, kwani kijijini kwake hakuna friji hata moja. Tukachora kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungi. Jambo hili dogo lilitufundisha kuliko semina nzima.

Yaliyomo katika mwongozo wetu

1. Kupasha misuli moto. Mazoezi ya "11+" huchukua dakika 20 hivi, nayo hufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Sehemu ya kwanza ni kukimbia polepole na kujinyoosha kwa mwendo, dakika 8. Ya pili ni kuimarisha tumbo, mapaja na usawa wa mwili, pamoja na kuruka na kutua vizuri, dakika 10. Ya tatu ni kukimbia kwa kasi na kubadilisha mwelekeo, dakika 2. Mfundisheni mchezaji kutua akiwa amekunja magoti kidogo, na goti lisiingie ndani bali lielekee upande wa vidole. Siku ya mechi hufanywa sehemu ya kwanza na ya tatu tu.

2. Kugongwa kichwa. Mchezaji anaweza kupata mtikisiko wa ubongo bila kuzimia. Dalili ni kuyumba, kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuona ukungu, kusahau matokeo ya mchezo, au kuwa mzito kujibu. Ukiwa na shaka, mtoe. Asirudi kucheza siku hiyo hata akisema amepona. Asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali haraka akitapika, akizidi kuumwa kichwa, akipata degedege, akipoteza fahamu, akiona vitu viwili, akichanganyikiwa, au akihisi maumivu ya shingo au ganzi mikononi na miguuni. Anapopata nafuu hurudi kwa hatua: kwanza shughuli nyepesi na masomo, kisha mazoezi mepesi, na mazoezi ya kugongana mwishoni kabisa baada ya daktari kumruhusu.

3. Magoli. Goli linalohamishika linaweza kuanguka na kuua mtoto. Mwaka 1995 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa mwongozo kuhusu magoli ya namna hiyo kwa sababu ya vifo vilivyokuwa vimetokea. Goli lifungwe chini kwa vyuma au viroba vya mchanga. Mtoto asining'inie juu yake. Mechi ikiisha, lilazwe chini au lifungwe kwenye mti.

4. Radi. Mwezi Agosti 2020, katika wilaya ya Arua nchini Uganda, watoto 10 walikufa kwa radi baada ya kukimbilia kibanda cha nyasi wakati wa mvua. Walikuwa wametoka kucheza mpira. Mkisikia ngurumo, simamisheni mchezo. Ingieni kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa. Msikae chini ya mti wala kwenye kibanda cha nyasi. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

5. Kuteguka. Mchezaji apumzike, mguu uinuliwe, uwekwe kitambaa cha maji baridi na kufungwa bendeji bila kubana sana. Siku mbili au tatu za kwanza usikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu. Akishindwa kukanyaga hatua nne, au mfupa ukionekana kupinda, apelekwe kituo cha afya.

6. Jua na maji. Pangeni mechi asubuhi au jioni. Wekeni maji ya kunywa na mapumziko ya kunywa. Watoto wasiende kuogelea ziwani au mtoni bila mtu mzima anayejua kuogelea na ambaye kazi yake ni kuwaangalia tu.

Mwenye kitambaa cha kijani

Jibu letu kwa mama wa yule kijana ni hili. Katika kila mechi ya parokia sasa yupo mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, anayevaa kitambaa cha kijani mkononi. Si kocha wala si mwamuzi, na hashabikii timu. Amefundishwa huduma ya kwanza. Akiinua mkono, mchezaji anatoka, na hakuna wa kumpinga, awe nahodha, mgeni rasmi au paroko.

Mwanzoni haikuwa rahisi. Katika nusu fainali moja dada mmoja mwenye kitambaa alimtoa mfungaji bora baada ya kugongwa kichwa. Watu walimzomea, na timu ile ilifungwa. Jumapili iliyofuata, mwenyekiti wa kamati alisimama mbele ya waumini akamshukuru kwa jina. Tunaamini kwamba shukrani ile ilifanya kazi kubwa kuliko mabango yetu yote.

Hatua ya 4: Pimeni tena

Baada ya msimu, rudini kwenye daftari mkalinganishe. Tunawatahadharisha kuhusu jambo moja: msimu wa kwanza majeraha yanaweza kuonekana yameongezeka, kwa sababu sasa yanaandikwa. Msikate tamaa, wala msifiche. Pimeni pia matumizi: ni timu ngapi zilizofanya mazoezi ya kupasha misuli wiki hii? Ni mechi ngapi zilikuwa na mwenye kitambaa? Kumbukeni somo la Norwei.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa jezi na mipira. Tunaomba ruhusa ya kusema wazi kwamba viroba vya mchanga havipendezi kwenye picha, lakini vinaokoa maisha. Katika kila bajeti ya michezo tunaomba sasa kuwe na kifungu cha sanduku la huduma ya kwanza, mafunzo, kusawazisha uwanja, bando la kutuma masomo na nauli ya dharura ya kwenda hospitali. Nasi tunaahidi kwamba taarifa zetu zitataja pia walioumia, bila majina yao, na tulichofanya baada ya hapo.

Yule kijana amerudi shuleni. Hachezi tena beki. Jumamosi huja uwanjani mapema, na kabla ya mechi huzunguka magoli yote mawili akiyasukuma kwa mkono ili aone kama yamefungwa vizuri.

Maswali ya majadiliano

- Katika mechi yetu ya mwisho, nani alikuwa na mamlaka ya kumtoa mchezaji aliyeumia? Je, kila mtu alilijua hilo?
- Tembeeni kwenye uwanja wenu. Ni mambo gani matatu yanayoweza kurekebishwa wiki hii bila fedha?
- Makocha wetu hupata habari kwa njia gani: simu janja, simu ndogo, karatasi au mikutano? Tuwafikieje wote?
- Wasichana na watoto wadogo wanacheza wapi, na nani anawaangalia?
- Kituo cha afya kilicho karibu kiko umbali gani, na tuna usafiri gani siku ya mechi?
- Je, taarifa zetu kwa wafadhili husema ukweli wote, au zile habari nzuri tu?